Mkwe Wangu Katika Kitabu cha Kiingereza

Sijawahi kukaa darasani hata siku moja, na bado Kiingereza kimenichosha kuliko jembe. Jembe likikuchosha unaliweka chini. Maneno ya shule yaliingia nyumbani kwangu pamoja na mjukuu wangu alipoanza sekondari, na tangu hapo hayajatoka. Yeye ndiye anayeandika haya ninayoyasema. Nimemwonya aandike yote, pale anapoonekana mjinga na pale ninapoonekana mkali, na asirekebishe kitu ila lugha tu, kwa kuwa Kiswahili mimi nilijifunzia gulioni na kanisani, nikiwa tayari nimeolewa.

Nilizaliwa upande wa Ngara, katika watu wa Kihangaza. Niliolewa huku Runazi, wilaya ya Biharamulo, na hapa ndipo nilipozeekea, kati ya mihogo na mahindi. Mume wangu amekwisha kufa. Watoto wangu wametawanyika. Aliye karibu ni mwanangu wa kiume anayeishi Kaniha. Mjukuu huyu ni wa binti yangu. Aliletwa kwangu akiwa bado anavaa kandambili ya kushoto mguu wa kulia, wakati mama yake alipoolewa tena upande wa Geita na mume asiyetaka kulea mtoto wa mwingine. Sikuuliza mengi. Nilimwonyesha sahani yake na mahali pake pa kulala, na kesho yake nikampa jembe dogo. Sikumwita mke mwenza kama wafanyavyo mabibi wengine kwa wajukuu wao. Mimi si mtu wa utani.

Mwaka jana alikuwa kidato cha pili. Mwishoni mwa kidato hicho kuna mtihani wa taifa, na asiyefaulu hapandi cha tatu. Matokeo ya katikati ya mwaka yalipotoka, mwanangu wa Kaniha alikuja kwa bodaboda, akaketi kwenye kigoda changu bila kuvua kofia, akaniambia alilolijia.

"Mama, nimeiona karatasi yake. Masomo mengine anajikongoja. Kiingereza hakuna kitu."

"Kitakuwepo."

"Kitatoka wapi? Na hayo mengine yote yanaandikwa kwa Kiingereza hicho hicho. Akishindwa Novemba, nitamchukua. Pale kwetu kuna fundi cherehani anafundisha mabinti. Habari ya kurudia darasa, hapana. Nimewaona wanaorudia."

"Huyu hatarudia."

"Mimi simtoi shule, mama. Mtihani ndio utakaomtoa."

Hakusema kwa ubaya, na ufundi cherehani si kazi ya aibu. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Tangu ujana wangu, kila nilipofika ofisini, zahanati au kwenye mkutano wa kijiji, mtu mdogo kwangu kwa umri alinishika dole gumba kama anavyoshikwa mtoto, akalichovya katika wino, akalibandika mahali nisipopajua. Nimelibandika kwenye karatasi nyingi, na sijui hata moja ilisema nini. Nilitaka katika ukoo wangu awepo mwanamke mmoja ambaye akipewa karatasi atasema kwanza, ngojeni niisome. Niliona kwamba akitoka shuleni kwa kushindwa, akiwa na umri ule, hatathubutu kusema hivyo mbele ya mtu yeyote. Kwa hiyo nilimwambia mwanangu anywe uji wake na aende, mtoto atapita.

Baada ya hapo nilianza kumfundisha somo nisilolijua.

Wakati ule tulikuwa tukichagua mbegu za maharage. Huku kwetu maharage hupandwa yakiwa yamechanganyika, ya njano, meusi, mekundu yenye madoa na yale madogo meupe, ili mvua ikilikataa hili, lile lishike. Kuchagua mbegu hakuna maana ya kutenganisha rangi. Unatoa lililotobolewa na mdudu na lililosinyaa, unatazama kama rangi moja imezidi, unapunguza, kisha unachanganya tena kama ilivyokuwa. Ni kazi ya macho na subira, na mdomo unabaki bure. Nikaamua mdomo wa mtoto usibaki bure. Kila alipotoka shuleni, jua likiwa bado liko juu ya migomba, alikaa upande wa pili wa ungo, nami nikamwambia, "Taja."

Alitaja. Alisema maneno yote ya Kiingereza yamegawanywa katika aina nane, na kwamba kila neno mtu analotamka, hata la kijinga, lina aina yake. Alizitaja kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili ili nami nifuate: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi. Nilizihesabu kwa maharage manane juu ya kanga yangu. Akiruka moja, nilimrudisha mwanzo.

"Hilo la mwisho ni kitu gani?"

"Kihisishi, bibi. Ni neno la mtu aliyeshtuka. Kama loo."

"Na hilo nalo mnafundishwa?"

"Linaulizwa kwenye mtihani."

"Mwalimu anasimama mbele ya watoto wa watu, anawafundisha kushtuka."

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha.

Alinieleza pia kwamba ukitoa kila neno katika mstari na kuliweka katika fungu lake, bado hujasema lolote. Maneno husema yakishachanganywa tena. Hilo nililielewa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa ikifanya hivyo hivyo wakati ule. Lakini nililolielewa kuliko yote ni fungu la pili. Kiwakilishi, alisema, ni neno linalosimama mahali pa jina ili jina lenyewe lisitajwe.

Mwanamke aliyeolewa katika watu wetu hahitaji mwalimu wa jambo hilo. Siku nilipoingia katika boma la mume wangu nilikabidhiwa majina nisiyoruhusiwa kuyatamka: la baba mkwe, la mama mkwe, na ya wakubwa wao. Baba mkwe wangu alikuwa na majina mawili. La nyumbani lilifanana na neno la mvua, kwa hiyo hata mvua nilikatazwa kuitaja. Nilisema kile kinyeshacho, au ile ya juu, na mpaka leo ninasema hivyo. La ubatizo lilikuwa jina fupi la Kizungu, na hilo nalo sikulitamka. Nilisema yeye, mzee, mwenye boma, aliyeketi pale. Kama kulikuwa na mgeni mwenye jina kama lake, nilimwita mwenye jina la watu. Tulifunzwa hivyo, na tuliofunzwa vizuri tulisifiwa. Miaka zaidi ya hamsini jina la mtu yule lilikuwa halijapita katika meno yangu, hata baada ya kumzika.

Kwa hiyo mtoto aliponiletea viwakilishi vya Kiingereza nilivisikiliza kwa makini, na vilinisumbua. Kwetu yeye ni yeye. Kwa Kiingereza, kwa jinsi ninavyosikia, ni lazima kwanza useme kama ni mwanamume au mwanamke: mwanamume ni hi, mwanamke ni shi, na kitu ni iti.

"Ng'ombe je?" nilimwuliza.

"Ng'ombe ni iti, bibi."

"Dume au jike?"

"Wote."

"Hata aliyezaa jana, ndama yuko chini yake?"

"Naye iti."

"Basi watu hao hawajawahi kukamua."

Aliniambia tena kwamba neno lao la wewe ni moja tu, kwa mkubwa na kwa mtoto, kwa mmoja na kwa kumi. Katika Kihangaza mkubwa husemeshwa kana kwamba yeye ni wengi. Na akasema kwamba neno lao la mimi huandikwa kwa herufi kubwa hata likiwa katikati ya mstari, na kwamba mengine yote, wewe na yeye na sisi, huandikwa kwa ndogo. Nilimwambia hilo sitaki kulisikia tena, ila kama linaulizwa alijue.

Baada ya wiki kadhaa alizijua aina nane kama anavyojua njia ya kisimani. Ningeweza kumwamsha usingizini akazitaja. Nililala nikiwa na imani. Kisha mwezi wa nane ukaja mtihani wa majaribio, naye akarudi na karatasi ameikunja mara nne. Mimi sisomi, lakini alama za vema na za kosa nimezoea kuzitazama, na kalamu nyekundu haijifichi. Karatasi ile ilikuwa na vema chache sana.

"Ulisahau?"

"Sikusahau, bibi."

"Basi nini?"

Nilimwuliza mara ya pili na ya tatu. Aliangalia miguu yake. Nikakasirika, nikasema huenda mwalimu wake hampendi, naye hakukubali wala hakukataa. Kesho yake akaleta ujumbe: mwalimu wa Kiingereza ananiita.

Kwenda shuleni kwao ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu yangu ya sasa. Nilipumzika mara mbili njiani. Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, mgeni wa mikoa ya mashariki, ambaye alisimama nilipoingia katika ofisi ya walimu, akaniamkia na kunipa kiti chake mwenyewe. Hilo lilinipunguza hasira kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja. Sema."

"Mtoto huyu ana akili, bibi. Nikimwuliza aina za maneno, anazitaja zote bila kukosea, tena amenyooka kama askari."

"Nazijua. Zipo nane."

Alinitazama, akatabasamu. "Zipo nane. Lakini akisimama kusoma kitabu, anakatika. Anasoma vizuri, anafika mahali ananyamaza, kisha anaruka mbele. Wenzake wanamwita redio mbovu."

"Hana kigugumizi."

"Mimi nilidhani anacho. Ndiyo maana nikampa kazi za kuandika. Hebu tazama."

Akafungua daftari. Mistari ilikuwa mizuri, imenyooka, lakini kila mahali palikuwa na nafasi tupu, kama mdomo ulioanza kung'oka meno. Mwalimu aliweka kidole. "Hapa niliwaambia wapige mstari chini ya kila nomino. Amepiga chini ya soko, chini ya kalamu, chini ya mti. Jina la mtu ameliacha. Hapa niliwaambia waweke jina mahali pa kiwakilishi. Hakuweka kitu. Na hapa niliwapa picha ya mtu huyu wa kitabuni waandike habari zake. Ameandika hi, hi, hi, ukurasa mzima. Nikamwandikia kwa nyekundu, ni nani huyu? Hajajibu mpaka leo."

"Mtu huyo ni nani?" nilimwuliza.

Akalitaja jina lake.

Nilishusha kichwa na kujifunika mdomo kwa kanga kabla sijajua ninafanya nini. Mwanamke wa kwetu hufanya hivyo bila kufikiri, kama unavyofumba jicho vumbi likija.

"Bibi, unaumwa jino?"

"Siumwi. Kitabu hiki hakina mtu mwingine?"

Mwalimu alicheka kidogo. "Wamo wawili watatu. Ila huyu ndiye wa kila ukurasa. Anakwenda sokoni, anapanda mti, anapoteza kalamu, anaiona tena."

"Ni mtu asiyetulia."

"Ndivyo Kiingereza kinavyofundishwa, bibi. Tangu mimi nikiwa mtoto alikuwa hatulii."

Hapo nilikumbuka. Mtoto alipokuwa na miaka kama mitano, alilisikia jina hilo kanisani, likampendeza kwa ufupi wake. Siku hiyo alikimbia uani akiliimba kwa sauti kuu, akizunguka nyumba, na wake wa jirani walikuwa wakipita njiani na ndoo zao. Nilikuwa mjane, niko peke yangu na mtoto anayejifunza kusema kutoka mdomoni mwangu. Niliona watadhani nimelitaja mimi, naye amelichukua kwangu. Nikamshika, nikampiga mdomoni kwa vidole viwili, nikamwambia kwamba jina hilo halitajwi na mtu yeyote wa nyumba hii, siku yoyote, mahali popote. Hakulia. Aliniangalia tu. Hakulitaja tena, nami niliridhika na malezi yangu, nikasahau.

Nilimweleza mwalimu kwa maneno machache. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Lakini, bibi, huyo ni mkwe wako. Si mkwe wake."

"Najua."

"Katazo hilo halimhusu mtoto."

"Nimesema najua."

Akasema kwa sauti ya chini kwamba darasani anaweza kubadilisha, anaweza kumpa mtu yule jina lolote atakalopenda mtoto. "Ila mtihani wa Novemba hauko mikononi mwangu. Unakuja umefungwa. Kama yumo, yumo."

"Atakuwemo," nilisema. Mtu asiyetulia namna ile hawezi kukosa.

Njiani kurudi nilichoka kupita kawaida. Nilikaa juu ya jiwe pembeni mwa shamba la mtu, nikawaza juu ya yule aliyekuwa mkwe wangu. Alikuwa mtu mkimya, anayeweza kuketi tangu asubuhi mpaka mchana bila kubadilisha mguu. Hakunipiga, hakunitukana. Lakini hata yeye hakuwahi kuniita kwa jina langu, ingawa hakuna aliyemkataza. Aliniita huyo wa Ngara, na baadaye huyo tu. Katika ugonjwa wake wa mwisho mimi ndiye niliyemgeuza ubavu na kumnywesha uji, na kila alipofumbua macho aliuliza, "Huyo yupo?" Nami nilijibu, "Nipo." Tuliishi katika boma moja miaka mingi, mimi nikimwita yeye na yeye akiniita huyo, na tuliheshimiana. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Nasema kwamba ulikuwa mzigo wangu, niliupokea nikiwa mtu mzima mbele ya mashahidi, na mtoto huyu nilimtwika akiwa na miaka mitano kwa sababu niliwaogopa wanawake wenye ndoo.

Kuna watu walionishauri baadaye kwamba ningekwenda kwanza kaburini kuomba ruhusa. Sikwenda. Marehemu hakupenda kuombwa vitu vidogo, na kama ni kikubwa, angetaka niamue mwenyewe nisimsumbue.

Nilifika nyumbani mtoto akiwa ametangulia, anatwanga. Nilimwambia aweke mchi chini, alete kitabu.

"Soma."

Akasoma. Sikuelewa neno, lakini nilisikia mahali sauti ilipoanguka na kuinuka tena mbele, kama mtu anayeruka mfereji.

"Rudia. Usiruke."

"Siwezi, bibi."

"Kwa nini?"

"Ulinikataza."

"Kwa nini hukumwambia mwalimu?"

"Ningemwambiaje bila kulitaja?"

Nilimwambia kwamba sasa nimemruhusu, asome. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwamuru. Machozi yakamtoka, lakini neno halikutoka. Nikaona kwamba amri haitatosha. Nilimfunga mimi, na alijua kwamba mimi mwenyewe bado nimefungwa. Alikuwa akinitazama mdomo.

Basi nikalitaja.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto anayejifunza. Lilikuwa jina jepesi, halikuchukua hata pumzi moja. Mjukuu wangu alijifunika uso kwa kitabu. Mimi nilishika ukingo wa ungo na kungoja, sijui nilingoja nini. Kuku waliendelea kuparua. Nikahisi aibu kwanza, kisha nikahisi kuchoka tu, uchovu wa mtu aliyekuwa ameshika mlango kwa bega siku nzima na hakuna aliyekuwa akiusukuma.

"Umesikia," nilimwambia. "Sasa wewe."

Siku ile alinong'ona. Kesho yake alinong'ona. Ilituchukua majuma mengi. Kila alasiri alikaa upande wa pili wa ungo akisoma habari za mtu yule na soko lake na mti wake, na kila alipofika kwenye jina alipunguza sauti kama anayepita mbele ya mgonjwa. Nami sikumhurumia. "Sijasikia," nilisema. "Rudia." Nilichoka kulisikia. Usiku nililiota. Lakini nilijua kwamba nikionyesha kuchoka ataacha, kwa hiyo nilichagua mbegu zilizokwisha kuchaguliwa, nikasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Kuandika kulikuja mapema kuliko kusoma. Alianza kwa herufi ndogo ndogo pembeni, kisha katikati ya mstari, na mwalimu akamwekea vema ambazo nilizihesabu mwenyewe.

Mwanzoni mwa Novemba mwanangu alikuja kuangalia hali. Alimkuta mtoto uani anasoma kwa sauti, amesimama, na jina linatoka wazi kama la mtu yeyote. Akasimama mlangoni akiwa na mfuko wa sukari mkononi.

"Mama, unasikia anachokisema huyu?"

"Nasikia. Anasoma."

"Lakini hilo ni jina la babu."

"Ni la mtu wa kitabuni. Amepoteza kalamu."

Akaketi, safari hii akavua kofia. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Mama, sisi wajukuu tulikuwa tukilitaja. Babu mwenyewe alituruhusu. Katazo lilikuwa lako wewe na shangazi zetu wa kuolewa."

"Sikuwahi kuwasikia."

"Tungelitaja mbele yako?" Akacheka. "Tulikuwa tukikuona unavyojifunika. Tulikuonea huruma."

Sikujua kwamba watoto wangu waliwahi kunihurumia. Nilimwambia apeleke sukari ndani.

Mtihani ulikuja na kupita. Jioni ya siku ya Kiingereza sikumwuliza kitu. Nilimtazama alivyoshika jembe. Alisema mwenyewe kwamba mtu yule alikuwemo, katika swali la pili, ameugua, na kwamba hakumruka. Kisha tulingoja mpaka Januari, tukapalilia mahindi, na kile kinyeshacho kilikuwa kingi mwaka huo.

Matokeo aliyaleta mwanangu katika simu yake. Alishuka kwenye bodaboda taratibu, nami nilijaribu kusoma uso wake, kwa kuwa uso ndio ninaoweza kuusoma.

"Amepita, mama. Kiingereza amepata D."

"D ni nini?"

"Ndiyo ya chini kabisa katika zinazopita."

"Lakini inapita."

"Inapita."

Mtoto alikuwa amesimama na beseni la maji, hakulitua. Nilimwambia alitue.

"Fundi cherehani nilikwisha kumwahidi," mwanangu alisema, akitafuta cha kusema.

"Mwahidi mtu mwingine."

Nilidhani siku hiyo ingenifurahisha, nilikuwa nimeiwekea furaha. Badala yake uchovu wa mwaka mzima ulinishukia kwa mara moja. Nikaingia ndani nikalala mchana, jambo nisilolifanya hata nikiumwa, na nilipoamka walikuwa wamekwisha kupika na kunibakishia. Nilisikia wanaongea nje. Mjomba alikuwa akimtania kwamba kwa D hiyo atakwenda Ulaya kununua chumvi na kurudi bila chumvi, na mtoto alikuwa akicheka kwa sauti ambayo sikuizoea.

Sasa yuko kidato cha tatu. Ameniambia kwamba huko maneno pekee hayatoshi, wanafundishwa jinsi sentensi moja inavyobebwa ndani ya nyingine, na kwamba kuna kitabu kipya chenye watu wengine. Aliniuliza kama tutaanza leo. Nimemwambia tumalize kwanza kupalilia ule upande wa mihogo, kisha alete hicho kitabu, nami nitakaa.